Mkaguzi Alipopanda Darini

Dada na mdogo wake walikuwa wamevuka hamsini, lakini siku ya kwenda kukagua nyumba walicheka njia nzima bila kujua wanachekea nini. Dada alikuwa mshonaji wa magauni ya arusi. Mdogo, ambaye tangu utotoni aliitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa nesi wa wodi ya wazazi. Maisha yao yote walikuwa wapangaji. Sasa, mmoja mjane na mwingine ameachika na kushukuru, walitaka kununua nyumba pamoja.

"Usionyeshe kwamba tunaipenda," Dada alionya getini.

"Mimi? Uso mkavu kabisa," Chiriku akajibu. Akaingia, akaona dirisha la jikoni linalotazama bustani, akapiga vigelegele.

Mwenye nyumba, dereva wa garimoshi mstaafu, aliwapokea huku amewategea sikio.

"Semeni kwa nguvu, wanangu. Injini zimenimaliza masikio. Usiku nikiweka kichwa kwenye mto tu, vuuuu! Daktari kanipa matone, wapi! Kwa binti yangu ndiko hayanisumbui, nadhani ni hewa ya kule. Ndiyo maana nauza, nikaishi naye."

Mkaguzi waliyemkodi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye ovaroli na taa kichwani. Alifungua mabomba, akagonga kuta, akalala kifudifudi kuchungulia chini ya sinki. Kwenye mlango wa jikoni alichomeka bisibisi kwenye fremu, ikazama yote kama kwenye keki.

"Mchwa," akasema. "Hapa imebaki rangi tu."

"Kama mume wangu wa zamani," Chiriku akasema.

Dada alicheka hadi akashika ukuta.

"Huo ni mzima, egemea tu," mkaguzi akamwambia, akaweka ngazi na kupanda darini.

Walimsikia akitambaa, akikohoa, kisha kimya. Alishuka haraka kuliko alivyopanda, nywele zimejaa utando wa buibui, akawavuta ndugu hao wawili hadi uani.

"Kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, ni nzima. Lakini juu ya kitanda cha mzee kuna nyuki. Tena si wachache, ni taifa zima. Wanavuma mpaka mbao za dari zinatetemeka."

Wakatazamana.

"Vuuuu," Chiriku akanong'ona.

Walipasuka kwa kicheko, wakakumbatiana, machozi yakawatoka. Kisha kicheko cha Dada kikakatika.

"Tukimwambia, hana tena sababu ya kuuza."

Mkaguzi akasafisha bisibisi yake kwa makini mno.

Dada alitazama dirishani. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kichwa amekilaza upande, anajidondoshea matone sikioni.

"Siwezi," Dada akasema. "Nitalalaje kwenye chumba kile nikijua tulimficha?"

Kabla hajamaliza, Chiriku alikuwa ameshaingia ndani mbio.

Aliposikia habari ya nyuki, mzee alipanda kitandani peku, wakamshikilia huku na huku, akabandika sikio kwenye dari. Macho yakamtoka.

"Ndio huu mvumo! Jamani, ndio huu huu!" Akaanza kurukaruka juu ya godoro. "Kumbe mimi mzima! Masikio yangu mazima!" Akawakumbatia wote, hata mkaguzi, aliyesimama wima kama ngazi yake. Halafu akatulia. "Sasa... kumbe hata sina haja ya kuuza."

Dada akasema, "Ni kweli, baba. Nyumba ni yako." Akatabasamu, na tabasamu lile lilimgharimu.

Mzee akampigia binti yake simu kumpa habari. Kwa mazoea aliweka spika, kwa hiyo wote walisikia.

"Baba, nimefurahi jamani! Kwa hiyo... huji tena?"

Nyuma yake kilio kikalipuka. "Babu haji? Babu hajiii?" Wa pili akadakia, kisha wa tatu, mpaka mzee akaisogeza simu mbali na sikio. Uso wake ulianza kufunguka taratibu.

"Nani kasema siji?" akanguruma. "Waambie waache kulia, nakuja! Nyumba nimeshauza, na wenyewe hawa hapa!"

Chiriku alimpigia mkaguzi vigelegele usoni. Dada alikaa sakafuni, anacheka na kulia kwa zamu.

Mzee alitimiza kila walichokubaliana. Fundi aling'oa fremu ile akaweka mpya, mchwa wakapigwa dawa, na mfugaji nyuki akaja kuhamisha taifa lile kwenye mizinga yake. Mkaguzi akarudi, akapanda tena darini, akashuka akiwa hana la kusema isipokuwa "hongereni."

Siku ya kukabidhiwa ufunguo nyumba ilikuwa tupu. Vyumba vya kulala vilikuwa sawasawa kwa kila kitu, lakini waligombania kimoja. Dada akavua viatu. Chiriku akamwona, akavua vyake. Wakatimua mbio koridoni, wakisukumana na kuvutana magauni, wakipiga kelele hadi jirani akachungulia dirishani.

"Karibuni! Wanahamia watoto wangapi?"

"Wawili!" Dada akajibu, anahema, mkono mmoja ameshika mlango wa chumba na mwingine gauni la mdogo wake.