Bwana Ikiwa na Fundi wa Bondeni

Wateja walimwita Bwana Ikiwa, kwa sababu wakala yule wa bima hakuwahi kumaliza maongezi bila neno hilo. Ikiwa moto utazuka. Ikiwa mwizi atapitia darini. Hata akipewa chai aliipuliza kwanza, ikiwa ni ya moto. Alikuwa mgane, mtu mpole, na kila mwaka kabla ya mvua alishuka mtaa wa bondeni kukagua duka la fundi cherehani mmoja, mjane, aliyeshona sare za shule.

Ukaguzi wenyewe haukuwa mkubwa: kutazama nyaya, kupima ukuta, kuchungulia mtaro wa nje. Lakini Bwana Ikiwa aliufanya uchukue asubuhi nzima. Fundi alimsogezea kigoda, kisha akaendelea kushona huku akimtania.

"Ukuta huo uliupima mwaka jana, bwana. Umenenepa?"

Naye alicheka, akaupima tena. Mioyo ilijua, midomo ndiyo iliyokuwa na haya.

Kisha soko la bima likageuka. Mafuriko ya miaka ya karibuni yalizitia kampuni hasara, na zile kubwa za nje, zinazozikatia bima kampuni zenyewe, zikakaza kamba. Meneja aliwaita mawakala akawaonyesha ramani kwenye kompyuta. Bonde lote lilikuwa jekundu.

"Kuanzia msimu huu hatukatii tena bima ya mafuriko huko chini," alisema meneja. "Na habari ya kwenda kukagua imekwisha. Picha zinapigwa kutoka angani."

"Na wateja wetu wa siku zote?"

"Waelezwe kwa simu, mzee."

Bwana Ikiwa hakupiga simu. Alishuka mwenyewe. Fundi alimsikiliza akiwa na pini mdomoni, kisha akazitoa moja moja.

"Kwa hiyo maji yakija, ni mimi na Mungu wangu."

"Ndiyo, fundi."

"Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Angeweza kumwambia ainue cherehani juu ya matofali, aweke magunia ya mchanga mlangoni, abaki. Kwa mvua ndogo hayo yangetosha, naye angepata kisingizio cha kushuka kila wiki. Lakini alikuwa ameuona mtaro umeziba kwa tope, na ukingo wa mto umemeguka hadi nyuma ya maduka. Huyu alikuwa mteja wake. Hakuweza kumdanganya.

"Ningehama," alisema. "Ikiwa una pa kwenda."

"Dada yangu yuko mji wa mlimani. Ana chumba kinachotazama barabara, ananiita kila siku." Akamkazia macho. "Nihame kweli?"

"Hama. Kabla ya mvua."

Siku ya kuhama alimsaidia kuzifunga cherehani kwa mablanketi. Akazikagua kamba za lori, fundo baada ya fundo, mpaka dereva akamuuliza kama anataka kuzioa. Fundi alicheka kwenye kiti cha mbele, akageuza uso, na lori likaondoka.

Mvua ilikuja mapema, tena kwa hasira. Mto ulivunja kingo ukaingia madukani. La fundi lilibomoka upande mzima. Bwana Ikiwa alisimama kwenye matope akashukuru kwa moyo wote, na moyo huohuo ukimuuma. Baada ya hapo mara kwa mara alijikuta ameteremka bondeni bila kazi yoyote, akaangalia pale palipokuwa na mlango, akapanda tena.

Siku moja fundi akapiga simu.

"Nimesikia duka limekwenda. Cherehani zangu zote ziko hapa, nzima. Mungu akubariki, bwana."

"Fundi, nina hamu ya kukuona," alisema, akashangaa kuisikia sauti yake mwenyewe.

"Miaka yote ile ulikaa mbele yangu ukipima ukuta," fundi akasema taratibu, bila kicheko. "Huku kuna baridi. Nashona, nasikia hatua nje, nainua kichwa. Si wewe."

"Nije?"

"Huku hakuna cha kukagua."

"Najua."

"Basi njoo."

Lakini madai ya wateja wa mitaa mingine yalijaa ofisini, na barabara ya mlimani ilikuwa imekatika kwa maporomoko. Kwa hiyo kila jioni walizungumza kwa simu. Bwana Ikiwa alikaa ukingoni mwa kitanda, koti bado mwilini, na kabla ya kuagana alimuuliza kama mafundi wa barabara wameonekana upande wa huko.