Dakika Kumi za Waya wa Njano

Mayai elfu mbili yalikuwa yamebakiza siku mbili kuanguliwa, na pawasaplai, kifaa kinachoipa umeme kompyuta inayoyalea, ikakata roho asubuhi, bila hata kuaga.

Fundi alifika mbio na mpya ndani ya boksi. Wifi yake, mwenye mayai, alikuwa ameshaifunika mashine ya kutotolea kwa kila blanketi la nyumba, mpaka shuka la mumewe. Kipimajoto kilisoma nyuzi thelathini na nne, na kilikuwa kinashuka.

"Chomeka, washa," Wifi akaamuru.

"Napima kwanza. Dakika kumi."

"Kitu kipya unakipima cha nini? Mbona wewe kaka yangu alikuleta tukakupokea bila kukupima?"

"Na mnajuta mpaka leo."

Mdomo ulitania, mikono haikucheka. Mwaka juzi aliwahi kuchomeka mpya bila kuipima, ikaunguza kompyuta ya nyumbani kwake na picha zote za harusi. Tangu hapo ushahidi wa ndoa yake ni mume mwenyewe. Lakini ndani ya kompyuta hii kulikuwa na kadi inayoongoza joto la mayai, na walioitengeneza walishafunga kazi. Ikiungua hiyo, hakuna kifaranga wala mashine.

Akaiweka pawasaplai mezani. Akakunja kibanio cha karatasi, akaunganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi ili iwake bila kompyuta, kisha akaifungia diski kuukuu isiyo na kitu ndani, ili iwe mzigo. Akawasha. Feni ikavuma.

"Inazunguka! Haya, twende!"

"Hata maiti hupepewa, wifi." Akagusisha mita kwenye waya wa njano. Volti kumi na mbili kamili. Ndivyo inavyotakiwa.

Dakika ya tatu, kumi na mbili. Nyuzi thelathini na tatu.

Dakika ya sita, kumi na mbili. Wifi alikuwa ameegemeza kifua chake kwenye mablanketi, kama kuku mwenyewe. "Wanakufa humu," akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Nakuomba, mke wa kaka. Imeshafaulu."

Mkono wa Fundi ukaenda kwenye swichi. Nani angemlaumu? Akaurudisha. "Bado dakika nne tu."

Dakika ya nane mita ikasoma kumi na mbili na nusu. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kabla kidole hakijafika kwenye swichi, pa! Moshi ukatoka, na diski kuukuu ikanyamaza milele.

Wote wawili waliitazama. Bila kupima, ingeungua hivyo ile kadi ya joto.

Fundi alivuka uchochoro hadi kwake, akang'oa pawasaplai ya kompyuta yake mwenyewe, ile anayoifanyia kazi kila siku, akarudi anahema. Nyuzi thelathini na moja. Wifi alishasafisha meza, na kibanio cha karatasi alikuwa amekishika mkononi.

"Hii tunaijua," Fundi akasema, jicho kwenye kipimajoto. "Labda tuichomeke moja kwa moja…"

"Kaa chini," Wifi akasema. "Dakika kumi. Nahesabu mimi."

Akahesabu kwa sauti, sikio juu ya blanketi. Kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili, mpaka mwisho. Kisha Fundi akafunga skrubu, akawasha, na joto likaanza kupanda.

Siku mbili baadaye, ndani ya ganda la kwanza, kitu kiligonga.