Unga wa Mdogo Mtu

Kwa miaka kumi na mitatu kuta zote za jukwaa lile la maigizo zilipakwa na Fundi, na kwa rangi hakuna aliyemfikia hata kisiginoni. Kisha mdogo wake wa tumbo moja akarudi kutoka masomoni na kopo la unga.

Ukichanganywa na rangi, unga huo ulitoa manjano iliyopauka, kama karatasi ya zamani. Lakini ukimulikwa na taa maalumu, ile ambayo mwanga wake una rangi chache tu, uligeuka waridi papo hapo. Mwongozaji wa mchezo alipoonyeshwa alicheka kama mtoto.

"Ukuta mzima uwe hivi," akasema. "Fundi, msikilize mdogo wako."

Amsikilize nani? Huyu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika brashi?

"Dada, nishike ngazi nikusaidie," mdogo mtu alisema.

"Ngazi imenizoea mimi. Wewe kazi yako unga."

Akapaka peke yake, roho ikimchoma. Alipofika kwenye mlango wa katikati, akafungua kopo lake mwenyewe la manjano ya kawaida. Kwa macho, rangi hizo mbili zilikuwa shilingi kwa ya pili.

Siku ya mazoezi taa zikabadilishwa. Ukuta wote ukawa waridi. Mlango ukabaki manjano, kama jicho la mgonjwa. Mwongozaji akageuka kutafuta wa kumuuliza, na Fundi akasubiri mdogo wake aumbuke.

"Kosa langu," mdogo mtu akasema. "Unga niliompimia dada haukutosha."

Alikuwa anajua. Aliyeupima kwa mkono wake hawezi kukosa kujua. Fundi aliona aibu, lakini juu ya aibu ukapanda wivu mkali kuliko ule wa kwanza: kumbe hata kwa wema kamzidi.

"Huyo anawadanganya," akasema mbele ya wote. "Unga ulitosha. Mlango nimeupaka rangi yangu, makusudi."

Mtu wa taa akakohoa. Mwongozaji akasema mlango uwe tayari kesho mchana, akatoka.

Waliupaka pamoja.

"Ungeniacha tu nikufiche," mdogo mtu alisema.

"Ili nikuone mwema maisha yangu yote? Sitaki. Nionyeshe unavyopima."

Akaonyeshwa. Akapima, akakosea, akarekebishwa. Kila aliporekebishwa alimeza mate machungu, akachota kijiko kingine.