Supu ya Olena

Naanza kwa kukiri: mimi Doreen nilitia sahihi njia za baiskeli ziondolewe. Serikali ya jimbo ilipoamuru njia za baiskeli zinazobana magari Toronto zichimbuliwe, jiji litake lisitake, nilishangilia. Nina pikapu kubwa, na njia ile ya Barabara ya Pickford ilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jirani yangu Taras Melnyk hakushangilia. Leseni yake ya gari aliirudisha kwa hiari siku alipolivunja banda la mbwa wangu kwa gari lake, na tangu hapo anatembelea baiskeli ya magurudumu matatu. Kila mchana humpelekea mkewe, Olena, supu ya bitiruti kwenye nyumba ya wazee. Olena halishwi na mtu mwingine. Taras asipofika, sahani inarudi jikoni ilivyo.

"Sasa utapita wapi?" nilimuuliza mafundi walipokuwa wakichimbua.

"Katikati ya barabara, Doreen. Sheria inaniruhusu. Samahani sana."

Nilidhani ni utani. Kesho yake nikamkuta mbele yangu, katikati kabisa, sufuria imeviringishwa blanketi, anakwenda mwendo wa bibi harusi. Magari ya upande wa pili yamefuatana, huwezi kumpita. Nyuma yangu foleni imefika kanisani. Kwetu kupiga honi ni kama kutukana, basi tukamfuata kimya kama watu wa mazishi, mimi nikitamani kuung'ata usukani. Kila akisimama anatuvulia kofia: "Samahani, jamani! Samahani!"

Nikashusha kioo. "Taras! Kanyaga, mzee!"

"Miguu ya miaka themanini na moja hii, mwanangu. Imechoka!"

"Basi panda nikupeleke!"

"Aa, nisikusumbue. Wewe nenda tu."

"Niende wapi na umeziba?"

Polisi nilimwita mwenyewe. Akamtazama Taras, akaitazama foleni, akaniambia, "Ana haki zote, mama." Kisha akaingia kwenye gari lake, naye akapanga foleni.

Wiki ya tatu wakaja wapimaji wa jimbo kuona magari yanakwenda kasi gani sasa. Walipima mchana, saa ile ile ya supu. Takwimu sikuziona, ila mmoja wao alicheka mpaka akaketi ukingoni mwa barabara.

Nikameza aibu yangu na kuanza kugonga milango, nikikusanya sahihi za kuirudisha njia. Wenye magari ndio waliotangulia kutia. Kabla theluji haijaanguka, waziri akatoa ruhusa na rangi ikapigwa upya.

Siku ya kwanza nilikuwa nimekwama kwenye foleni kama kawaida. Kengele ikalia upande wa kulia. Taras akanipita kama mshale, koti linapepea.

"Wewe! Si ulisema miguu imechoka?"

"Tangu kiangazi natoka nyumbani saa nne makusudi, nijikokote mbele yenu mpaka mchana, Doreen!" akajibu bila kugeuka. "Leo Olena anakula supu ya moto!"