Mzazi wa Maji Baridi

Bi Asmahani, mkunga, alikuwa amezalisha nusu ya mtaa wa Nguvumali, na hakuna aliyethubutu kumfundisha uzazi. Kwa hiyo jirani yake Batool, mwenye duka la vitambaa, alipompa ufunguo wa nyumba na kumwambia, "Bibi, naenda Maramba msibani, nitarudi jioni. Lulu ana mayai tumboni, tafadhali usiondoe chupa za barafu," aliitikia tu ili mtu aende zake.

Lulu ni aksolotli, kidubwana cha Meksiko kisichotoka majini: miguu ya mjusi, mkia wa samaki, matamvua mekundu yamechanua pembeni ya kichwa. Tumbo lilikuwa limemjaa pomoni.

Bi Asmahani aliziona chupa za barafu zinaelea kwenye tangi. Mja mzito kwenye barafu! Pwani hii mzazi anakandwa kwa maji ya moto, anapewa uji wa pilipili manga, baridi isimwingie tumboni. "Ati nisiondoe!" alisema, akazitoa zote, na maji ya uvuguvugu akaongeza jagi zima.

Batool aliporudi alimkuta Lulu ameelea ubavu, matamvua yamepauka na kujikunja.

"Bibi, umempikia supu! Huyu joto linamuua!"

Bi Asmahani alirudi nyuma hatua moja. Miaka yote hajapoteza mzazi kwa uzembe, leo atampoteza kwa ujuaji. Alisimama pembeni huku Batool akirudisha barafu kidogo kidogo, chupa moja, kisha nyingine.

Asubuhi Bi Asmahani alirudi hata chai hajanywa. Lulu alikuwa hai! Tena alikuwa amekumbatia jani la mmea wa tangini kwa miguu ya nyuma, na kila akijikaza linatoka yai, la duara, angavu, lina kitone cheusi katikati, linanata palepale. Anasogea jani jingine. Hakuna wa kumshika mgongo, hakuna kilio.

"Baridi iliporudi ndiyo imemwamsha," Batool alinong'ona. "Atataga mamia, bibi. Akimaliza namtenga, asije akayala."

"Subhanallah!" Machozi yalimtiririka bibi, wala hakuyafuta. Mikono yake iliyozoea kupokea ilining'inia tu. "Na dume?"

"Yuko tangi la pili. Atakaa huko miezi, mpaka mwenzake arudishe mwili."

"Akae hukohuko, asinichungulie mzazi wangu!"

Kisha akashindwa kujizuia. Alitoka mlangoni akapiga vigelegele, wanawake wa mtaa wakaja mbio, kanga mabegani, wanauliza nani kajifungua.

"Ingieni polepole," Bi Asmahani aliwaambia. "Bado anaendelea."