Mji Unaoitika

Usingizi unanichukua mchana kweupe, nimekaa tu, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha mkekani, nikimsubiri wifi yangu Mwanamvua amalize kuoga twende tena kituo cha polisi kumuulizia Kibwana. Kibwana ni mdogo wangu, tumbo moja, na ni mume wa Mwanamvua. Alisimama mkutanoni, mbele ya wakubwa waliokuja na magari yao, akauliza wale watu wa bondeni waliohamishwa wamepelekwa wapi. Hakumtukana mtu. Kesho yake walikuja wanaume wamevaa vizuri, wakasalimia, wakaomba maji ya kunywa, wakaondoka naye, na tangu hapo kila tunayemuuliza anatuuliza sisi. Basi nasema usingizi unanichukua, kwa sababu mimi sikuutaka. Ukuta nyuma yangu unakuwa laini, unayapokea mabega, kisha kichwa, nami natokea upande wa pili nikiwa nimesimama, kanga kiunoni, miguu mitupu, kwenye barabara ya lami isiyo na mwanzo.

Natembea. Barabara inakwenda nami, nikikaza mwendo nayo inakaza, nikisimama inasogea polepole chini ya nyayo zangu, inanipeleka, hata naona aibu kujichosha. Mbele kuna njia panda. Nachukua kulia, narudi palepale. Nachukua kushoto, narudi palepale, na sasa amesimama mtu ananingoja. Mavazi yake ya kiofisi, suruali imepigwa pasi, ila pale penye uso hapana kitu, pako laini kama mgongo wa kijiko. Shikamoo mama, anasema, sijui kwa mdomo gani. Marahaba, nasema, maana adabu ni adabu, nimemfuata mdogo wangu, anaitwa Kibwana, yuko wapi? Anasema, mzigo gani ukishatuliwa unaulilia? Namwambia sikuja kutegewa vitendawili, mwanangu, nimeuliza mtu. Anasema, mtu yupo, na mlango uko wazi, tena haujafungwa siku nyingi. Walinzi wangapi? nauliza. Sawasawa na wenyeji, anasema, hawazidi hata mmoja. Naona huyu ananichezea akili. Lakini anatangulia, na mimi sina mwingine wa kumfuata, namfuata huyohuyo huku nikimsonya.

Mji unakuja wenyewe kutupokea. Nyumba zote zimevikwa vioo mbele, kuanzia kizingitini hadi kwenye paa, mtaa mzima unajiona, na watu wanatembea wakijitazama. Mwanamke amebeba sinia tupu kichwani. Kwenye kioo sinia limejaa maandazi yanafuka moshi, naye anamtabasamia yule wa kwenye kioo, anameza mate, anaridhika. Natazama na mimi. Nimenenepa, nimevaa viatu, nyuma yangu zinapepea bendera ambazo nikigeuka sizioni. Sitasema uongo, napendeza. Juu ya nguzo kuna spika, na kila mara zinaita jina la mtu kwa sauti ya upole, na aliyeitwa, popote alipo, anaitika, wanaume naam, wanawake abee, kisha anaendelea na shughuli zake uso unamng'aa. Wanawaitia nini? namuuliza kiongozi wangu. Hawawaitii kitu, anasema. Wanawaita tu.

Spika zinaita jina la mzee mmoja aliyesimama karibu nasi. Mzee haitiki. Zinaita tena. Ameibana midomo, naiona mishipa ya shingo yake. Vioo vinafunguka pembeni kama milango ya kabati, wanatoka askari na virungu, wanampiga magotini, mgongoni, mdomoni, nasikia mfupa ukivunjika. Nasema kwa nguvu, nyie, huyo si sawa na baba yenu? Hakuna anayegeuka. Watu wote wanatazama vioo, nami kwa mazoea ya kufuata macho ya wenzangu natazama wanapotazama, na humo kiooni wale askari wanamkumbatia mzee, wanamfuta jasho, wanamkalisha kwenye kiti chenye mto. Ni kitu kizuri mno. Machozi yananitoka, ya furaha, naapa, na huku mfupa naendelea kuusikia. Sijawahi kuogopa hivi maishani mwangu. Siogopi virungu, naogopa yale machozi yangu.

Askari mmoja, mtu mzima mwenye mvi, anarudi mahali pake, nami nachungulia nyuma ya kioo kabla hakijajifunga. Ni chumba chembamba, kiti kimoja, birika la maji, ukuta mweusi. Karibu dada, anasema akijisugua bega, usituone hivi, siku hizi tunakaa tu. Zamani ndiyo ilikuwa kazi, tulikuwa tunapiga mpaka mkono hauinuki. Sasa tunampiga mmoja, wengine wote wanatusaidia. Namuuliza haoni haya. Anafikiri kweli, namwona anafikiri. Nikitoka zamu nami napita mbele, anasema, najitazama. Namuulizia Kibwana. Yule mbishi? Nyumba ya mwisho, mchukue, hakuna atakayekuzuia. Kiongozi asiye na uso anainama sikioni mwangu, na safari hii hategi kitu, anasema wazi: njiani mtaitwa. Asiyeitika anatoka. Hilo tu? nauliza. Hilo tu, anasema.

Kibwana namkuta amechuchumaa kizingitini, anakifuta kioo kwa kitambaa, anakipulizia pumzi, anafuta tena. Jino lake la mbele halipo. Kwenye kioo lipo. Shikamoo dada, anasema bila kushtuka, na mimi hata marahaba hainitoki, namkumbatia, nalia, namnusa kichwa kama nilivyokuwa nikimnusa alipokuwa mtoto. Walikufunga? namuuliza. Mwanzoni, anasema. Walinipiga sana, dada, nikanyamaza, nikajua nimewashinda. Kisha wakaacha. Mlango wakauacha wazi. Nikakaa nangoja waje kunipiga, hawaji, nikaanza kujiuliza nimewakosea nini. Namwambia Mwanamvua anakungoja nyumbani, inuka. Anakitazama kioo, ananitazama mimi, kanga imefubaa, miguu ina vumbi, naona kabisa kwamba anapima. Anainuka.

Nachana pindo la kanga yangu, namziba masikio, kisha namfunga kitambaa kuzunguka kichwa kama mtu anayeumwa jino, maana ameishi huku siku nyingi na simwamini. Mimi sijizibi. Nani wa kuniita mimi huku? Namshika mkono, tunaondoka, kiongozi amebaki nyuma, barabara inatuvuta kurudi nasi tunakaza. Spika zinamwita Kibwana kwa ile sauti ya upole, hasikii, wala hakuna kioo kinachofunguka. Zinamwita kwa sauti ya mkuu wa kituo, kwa wimbo, kwa sauti za watoto wa shule waliopanga mstari, yeye anatembea tu, jasho linamtoka, vidole vyake vimenibana mpaka vinauma. Lami inakwisha, inaanza njia ya vumbi, ya kwetu, nauona ukuta wangu pale mbele, laini, na upande wa pili nasikia maji ya Mwanamvua yakimwagika bafuni. Nafurahi. Nataka kucheka.

Mishi. We Mishi. Ni mama. Nasema ni mama mwenyewe, tuliyekwisha kumzika, ananiita kutoka jikoni, na ile kero kidogo ya mtu anayeita mara ya pili. Sisi tumelelewa hivyo, mtoto wa kike akiitwa haulizi nani, haulizi nini, anaitika kwanza, mengine baadaye. Ukichelewa ni ukaidi, na ukijibu nini, unazabwa kofi la mdomo. Abee mama, nasema. Mdomo umetangulia, kichwa kiko nyuma kinakuja. Na mtoto mwenye adabu akishaitika hasimami, anakwenda alikoitwa, kwa hiyo nauachia mkono wa Kibwana, nakimbia, mwepesi, moyo mweupe, njoo mwanangu, anasema mama, na vioo vimeota pande zangu zote na kila kimoja kinanipenda. Nageuka mara moja tu. Kibwana amesimama njiani na kitambaa chake kichwani, hajasikia kitu, amenyoosha mkono, anapapasa hewani akiutafuta wangu.

Nafumbua macho. Mkeka, ukuta, jua la alasiri dirishani. Mwanamvua amesimama mbele yangu, ameshavaa baibui, mkoba begani. Wifi, umelala kama mfu, anasema, haya, inuka tukamuulizie Kibwana kabla mkuu hajaondoka. Kibwana yupi? Ni sauti yangu hiyo, ya upole, anavyosemeshwa mgonjwa. Ananitazama. Nangoja ashtuke, nangoja anitukane, Mwanamvua ninayemjua angenishika mabega akanitikisa mpaka meno yagongane. Anashusha mkoba. Anavua mtandio, anaukunja vizuri, anauweka juu ya kiti. Basi ngoja nikabandike chai, anasema, na uso wake unaanza kung'aa. Najifinya mkono, inauma, lakini hata kule watu waliumia. Nafungua mdomo nimwambie usivue, wifi, Kibwana ni mdogo wangu, nimemlea kwa mgongo huu, twende. Najisikia nikisema, yangu usitie sukari nyingi.