Buni za Nambunda

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Abilahi alikuwa akitoka mlangoni kwake, katika kijiji kipya cha kando ya barabara, na kuita kwa sauti ya juu, "Likwata! Moto umekubali, njoo!" Na kila siku Likwata, aliyekaa nyumba ya pili kutoka hapo, alisita kama mtu aliyeitwa kujibu mashtaka. Hata hivyo alikwenda. Angekosa kwenda, angeulizwa sababu.

Wote wawili walikuwa watu wa Nambunda, kitongoji cha milimani huko Umatumbi. Waliingia jando pamoja, wakaoa msimu mmoja, na tangu ujana wao ilikuwa nadra kumwona mmoja akinywa kahawa bila mwenzake. Kahawa yenyewe haikuwa ya dukani. Nyuma ya nyumba ya Abilahi huko Nambunda, chini ya kivuli cha mifenesi, kulikuwa na mibuni michache iliyopandwa na marehemu mama yake, naye aliitunza kama mtu anavyotunza mbuzi wa maziwa. Kahawa ya madukani Kilwa Kivinje ilitoka mbali na ilifika imezeeka guniani. Abilahi alikunywa aliyoichuma mwenyewe, tunda jekundu mojamoja, akalianika mkekani mpaka ganda likakauka na kokwa zikacheza ndani ukilitikisa.

Kisha ukaja mwaka wa sabini na nne, mwaka wa Operesheni. Watu wa milimani walitakiwa washuke wakae pamoja kando ya barabara, karibu na Tingi, wapate shule, zahanati na maji. Likwata ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi pale Nambunda. Alizunguka na tangazo nyumba kwa nyumba, na alipofika kwa Abilahi alimkuta anageuza matunda ya kahawa kwenye mikeka.

"Nitahama," Abilahi alisema. "Serikali ni yetu, siwezi kuikatalia. Lakini nisemee, ndugu yangu. Hizi nimezianika juzi tu. Nikizifunga mbichi zitaoza. Na mke wangu Mboni mguu wake umevimba, hawezi kutembea. Waambie waniache mpaka zikauke."

"Nitakusemea," Likwata alisema, na aliposema hivyo alimaanisha.

Afisa wa Operesheni alipopanda mlima, Abilahi alikuwa ameteremka kisimani. Afisa huyo alikuwa kijana mwenye adabu, viatu vimejaa vumbi, amechoka. Alisimama uani akatazama mikeka, akatazama mlango uliofungwa nusu. "Huyu ana mazao uani, na nimeambiwa mkewe mgonjwa," alisema. "Tunaweza kumwacha mpaka mwezi uishe. Unasemaje, balozi?"

Lilitakiwa neno moja tu. Lakini asubuhi ile Likwata alikuwa amesikia watu wakinong'ona kwamba balozi anawahamisha wanyonge na kuwaficha rafiki zake. Aliogopa neno hilo lisije likamfikia afisa. Ulimi ukamtangulia.

"Akibaki huyu, wote watabaki," alisema. "Ni afadhali aanze yeye."

Afisa aliinua mabega akaondoka. Kesho yake lori lilifika mpaka pale barabara ilipoishia. Vijana walibeba vyombo, wakambeba Mboni juu ya kitanda cha kamba, wakaezua paa ili mtu asiwe na pa kurudia. Matunda ya kahawa yalizolewa yakatiwa maguniani, nusu mabichi. Jioni, Abilahi akiwa ameketi juu ya mzigo wake kwenye kiwanja kisicho na nyumba, aliuliza jambo moja tu: "Ulinisemea?"

"Nilikusemea, ndugu yangu," Likwata alijibu. "Hawakusikia."

Wiki hiyohiyo, kabla Abilahi hajapata pa kuyaanika, magunia yalianza kutoa joto. Ukitia mkono ndani, ulikuwa kama umeutia kwenye uji. Yalipofunguliwa, matunda yalikuwa yameota ukungu mweupe na kunuka kama pombe iliyochacha. Abilahi aliyamwaga shimoni. Kilichomsalia ni kopo la buni za mwaka uliotangulia, na kopo hilo ndilo alilokuwa akilifungua kila alasiri kwa ajili ya Likwata.

"Nywa peke yako, zitakwisha," Likwata alimwambia siku moja.

"Kahawa ya mtu mmoja ni dawa," Abilahi alijibu. "Mtu aliyenisemea mbele ya afisa, nimnyime kikombe?"

Alizimimina buni kwenye ungo akaanza kuzichambua. Zilizotobolewa na wadudu aliziweka kando, zilizovunjika aliziweka kando, na nyeusi hakuzihurumia hata kidogo. "Moja mbovu," alisema, "inatosha kuharibu birika zima, na huwezi kuijua mpaka umeonja." Likwata alitazama ardhi. Kisha buni zikatiwa kwenye kikaango cha udongo juu ya makaa, mkono wa Abilahi ukizungusha mwiko bila kupumzika. Zilianza na harufu ya majani makavu, zikageuka manjano, zikaanza kupasuka kwa sauti ndogondogo. Alizitoa zilipofika rangi ya ganda la korosho, kwa maana wanaozichoma mpaka zing'ae mafuta, alisema, wananywa mkaa. Alizipepeta zipoe, akazitwanga kinuni pamoja na kipande cha tangawizi. Maji yalipochemka alitia unga, akaacha povu lipande, akaliondoa birika motoni, akalirudisha, akaliondoa tena. Mwisho alinyunyizia maji baridi kidogo ili mashapo yashuke chini.

Kazi hiyo yote Likwata aliivumilia kama mtu anayengojea kuchanjwa. Alipopewa kikombe alikunywa upesi, akaunguza ulimi, akafurahi kwamba kuna kitu kinachouma.

Usingizi ulimpotea. Alipungua mpaka mkewe akafikiri amelogwa. Ndipo asubuhi moja akachukua kikapu na panga, akasema anakwenda kutafuta kamba za miti, akapanda mlimani Nambunda peke yake.

Nyumba zilikuwa tayari zimeanza kuliwa na magugu. Ya kwake aliipita bila kuitazama. Kwa Abilahi, kuta zilisimama bila paa na mgomba ulikuwa umeangushwa na nguruwe mwitu. Lakini mibuni ilikuwepo, na juu kwenye matawi yaliyochelewa matunda yalikuwa yameiva mekundu. Alichuma akikumbuka alivyofundishwa: usivute kwa nguvu, usichume la kijani, usivunje jicho la tawi kwa maana ndilo la mwakani. Alichuma mpaka vidole vikanata, na mahali fulani katikati ya kazi alijikuta analia, peke yake, mbele ya mti.

Alipokitua kikapu mlangoni kwa Abilahi, mwenzake alipiga magoti akatia mikono yote miwili ndani ya matunda. Kisha akainuka akapaza sauti majirani wasikie.

"Mnamwona mtu huyu? Amekwenda mpaka Nambunda kwa miguu, kwa ajili yangu! Mtapata wapi balozi kama huyu?"

Watu walisifu. Mzee mmoja alimshika Likwata mkono akamwombea dua. Likwata alitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amekwenda kupunguza mzigo, akarudi na mwingine juu yake.

Matunda yalipokauka sawasawa, yakakobolewa na kuchambuliwa, Abilahi alimwita mtu wa kwanza kuonja: Likwata, na hakuna mwingine. Maji yalikuwa yameshawekwa motoni alipokumbuka kwamba iliki imekwisha, akatoka kwenda kuomba kwa jirani. Likwata akabaki na Mboni. Mguu wake ulikuwa umepona. Alikuwa ameketi kwenye kibao akichochea makaa.

"Shemeji," Likwata alianza. "Leo nataka kumwambia Abilahi neno. Kuhusu siku ile afisa alipokuja."

Mboni hakuinua uso. "Siku ile mimi nilikuwa ndani," alisema. "Mlango ulikuwa wazi nusu."

Likwata akakumbuka vikombe vyote ambavyo mikono ya Mboni ilimpokeza, kila alasiri, miezi yote hiyo.

"Ulisikia."

"Nilisikia. 'Ni afadhali aanze yeye.' Nilikuwa nimelala na mguu wangu, nikasikia."

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie ili iweje?" Sasa alimtazama, na macho yake hayakuwa na huruma. "Mume wangu alikuwa na nyumba, akaachishwa. Alikuwa na mibuni ya mama yake, akaachishwa. Kilichomsalia kutoka Nambunda ni rafiki. Nimwondolee na huyo?"

"Lakini mimi siwezi kulala, shemeji."

"Basi usilale." Alipuliza makaa. "Unataka kumwambia ili wewe upone, yeye augue. Hapana. Uliyatenda mwenyewe, yabebe mwenyewe. Ukimtamkia neno hilo, mimi na wewe hatutasalimiana mpaka kufa."

Abilahi aliingia na punje za iliki kwenye kiganja, anacheka. "Mnanong'ona nini? Mnanisengenya?"

"Tunasema maji yamechemka," Mboni alijibu.

Ilikuwa kahawa nzuri kuliko zote ambazo Likwata alikuwa ameonja tangu washuke. Aliinywa polepole, macho ya Mboni yakiwa juu yake, na alipoulizwa imekuwaje, alisema imekubali.

Katika buni zile Abilahi alitenga nyingine bila kuzikaanga, akazizika kwenye tuta nyuma ya nyumba. Watu walimwambia ardhi ya bondeni ni ya mikorosho, jua kali, mbuni hautashika. Likwata hakubishana na yeyote. Alikata makuti akaezeka kivuli juu ya tuta, na kiangazi kilipokaza alianza kuchota maji mtoni, ndoo mbili kwa mzega, akayamwaga kwa kata kwenye kila shina. Miche mingi ilikauka. Michache ilibaki na majani mawilimawili, imedumaa, haijulikani itaishi au itakufa.

Asubuhi moja, akiwa katikati ya njia kutoka mtoni, bega limechubuka, aliona mtu anakuja mbele yake. Ni Mboni. Hakumsalimu; tangu yale maneno yao kwenye makaa hakuwa akimsalimu yeye kwanza. Alisimama, akafungua kamba ya ndoo moja kwenye mzega, akajitwisha kichwani, akageuka akatangulia.

Likwata alimfuata nyuma na ndoo iliyobaki, mpaka kwenye tuta.